Kila Taa na Rezista Yake

Gaudensia mwanangu,

Hali yako siiulizi, maana nakusikia ukikoroma chumba cha pili, na kesho ukikataa kwamba unakoroma nitakuwa nimeshaandika hapa. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa kuinama. Sikuandikii kukukumbusha chandarua, wala kukwambia ule kabla treni haijafika, wala kukufundisha namna ya kumwamkia mama mwenye nyumba huko Mbeya. Hayo nimekuimbia mpaka umechoka, na shikamoo unaijua tangu hujaota meno. Nakuandikia kuhusu upanga wako wa taa, ambao sasa hivi uko mezani kwangu, mpini umefunguliwa, waya ziko nje.

Najua umelala umenuna. Tangu tulipotoka Michenga kumuaga bibi yako hujanisemesha vizuri. Nilikunyang'anya upanga pale kwenye tuta mbele ya watu, nikauzima, nikauweka kwenye kikapu chini ya mchele. Tulipofika nyumbani Kibaoni ukaniambia kama sitaki uende chuo nikuambie usoni, nisisingizie upanga. Ulikosea, lakini hukukosea sana. Nimekaa na jibu siku zote hizi, na kinywa changu, unakijua, kikitaka kusema jambo la maana huanza kugombana. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikusifu, maana sikukusifu. Wakati vijana wa kigango walipokupa kazi ya kutengeneza upanga wa malaika wa langoni kwa ajili ya igizo, nilidhani utaleta ubao uliopakwa rangi. Ukaokota bomba jeupe la plastiki linalopitisha mwanga, ukakata mpini kwenye bomba la maji, ukatoa betri kwenye simu mbovu, ukapanga taa za LED kwa mstari mrefu kutoka mpinini hadi nchani. Ulipouwasha kanisani watoto wa mbele walirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na nguzo, na machozi yalinitoka, nikajifanya nina mafua. Hakuna fundi wa Kibaoni ambaye angekufundisha vile. Hata mimi sikukufundisha, ulinitazama tu dukani.

Sasa turudi kwenye tuta. Ulipanda juu jioni ile ukawasha upanga, ukauinua kuelekea bondeni, maji yote yakapata mstari mweupe. Nilikuwa nakuja nyuma na kikapu. Nikakuuliza, kwa kutania tu, umeweka rezista za kupunguza umeme za omu ngapi, ukacheka ukaniambia hujaweka hata moja. Ukasema, "Mama, betri ni volti tatu nukta saba, taa ni tatu na kitu. Hesabu inakubali." Kabla sijafungua mdomo ukaongeza, "Halafu angalia, kuna mtu kule anatujibu."

Nikakuambia ni wavuvi. Gau, hakuna dago, kambi ya wavuvi, upande ule wakati wa masika. Hata wewe unajua.

Basi yale mambo mawili ulinipa kwa pumzi moja, na mikono yangu ikafanya kazi kabla ya akili. Ngoja nikueleze yanavyohusiana, kwa sababu kesho unaondoka na sitaki uondoke ukidhani mama yako ni kichaa.

Unajua baba yako Anselmi alifariki shambani kwa homa. Hivyo ndivyo tulivyokwambia, na ni kweli. Kilichobaki bila kusemwa ni taa.

Wakati huo tulikaa Michenga, mwisho kabisa wa kijiji, pale tuta linapoishia na maji ya masika yanapoanza. Wewe ulikuwa umeanza tu kuunganisha maneno. Shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo ya maji, na mpunga ukianza kubeba lazima mtu akae huko, juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji. Mchana anafukuza ndege, jioni anapiga debe nguruwe na viboko wasikaribie. Baba yako alikuwa anakaa huko mpaka nguo zake zinarudi na harufu ya tope. Mtandao wa simu haukufika bondeni, na hata ungefika, simu yetu ilikuwa moja, nayo ilikaa kwangu kwa ajili ya wateja.

Kwa hiyo watu wa pale tulikuwa na mwanga. Magharibi mtu wa dunguni anawasha, awe na kibatari au moto wa mabua, na mtu wa nyumbani anasimama kwenye tuta anaangalia. Akiuona mwanga wa kwake anarudi kupika. Hakuna ujumbe mwingine. Ikiwaka, mtu wako mzima. Tulikuwa tunasimama wanawake wengi pale, tunatukanana kwa mapenzi, kila mmoja anatafuta nukta yake ng'ambo.

Kibatari cha baba yako kilikuwa hafifu, kikimezwa na ukungu. Nami nikajitapa. Nikasema haiwezekani mume wa fundi awashe kibatari. Nilikuwa nimejifunza ufundi Mlimba, kwa mjomba wangu aliyekuwa anatengeneza redio karibu na stesheni, na nilijiona nimemaliza. Nikatafuta taa za LED nyeupe, betri ya pikipiki na sola ndogo ya kuichaji mchana. Halafu nikakaa na hesabu. Taa moja inataka volti tatu hivi. Betri ni kumi na mbili. Nne mara tatu ni kumi na mbili. Nikazipanga nne nne, mkia wa hii kwenye kichwa cha ile, nikaunga moja kwa moja kwenye betri. Hesabu ilikubali, na haikubaki hata kidogo. Nilifurahi kama niliyeokota pesa.

Mjomba alikuwa ameniambia kwamba hesabu ikikubali vile bila kubaki kitu, umekosea mahali. Betri iliyotoka kuchajiwa haiko kumi na mbili, inazidi. Kile kinachozidi kinatafuta pa kwenda, na usipokiwekea rezista kinaingia kwenye taa yenyewe. Taa inapata joto. Ikipata joto inavuta zaidi, ikivuta zaidi inapata joto zaidi. Na wewe uliye mbali unaona uzuri tu. Nilikuwa nayajua yote hayo. Lakini rezista ingepunguza mwanga, na mimi nilitaka wale wanawake waone taa ya mume wangu.

Waliiona. Jioni ya kwanza hakuna aliyetukana. Vibatari vyote ng'ambo vilionekana kama vimezimwa, ikabaki ya Anselmi peke yake, kali, inakaribia kuwa ya bluu. Ulikuwa mgongoni kwangu, ukapiga makofi.

Iliungua mapema tu. Mzee Fidelis, aliyekuwa anavusha watu kwa mtumbwi, akaniletea taa na salamu za baba yako kwamba mke wake anampenda sana lakini kwa muda mfupi. Nilicheka. Nikabadilisha zilizoungua, nikaunga vilevile, nikairudisha. Ikaungua tena. Nikatengeneza tena, vilevile. Baba yako mwenyewe hakutaka iwe hafifu, alisema hata viboko wanaiheshimu. Ikawa mzaha wa tuta zima: taa ya Anselmi ikizimika, wenzangu wananiambia mke wa fundi kazi imekuja. Na mimi nikazoea. Nikiona giza ng'ambo nasema, tayari, imeungua, Fidelis ataileta kesho.

Unaona nilichokifanya, mwanangu? Taa ya wenzangu ikizimika, mtu anapanda mtumbwi. Ya kwetu ikizimika, mtu anaandaa waya.

Ilikuja jioni ambayo haikuwaka, nami nikasema imeungua. Nikarudi nyumbani nikala, nikalala vizuri, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nililala vizuri. Kesho yake Fidelis hakuleta taa. Nikasema labda hakupita upande ule. Magharibi nikaenda kwenye tuta na wewe mgongoni. Giza palepale pake. Wenzangu walikuwa wameshaondoka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nikageuka niondoke, ndipo ukanyoosha mkono juu ya bega langu ukasema, "Baba amewasha."

Nikaangalia. Gau, hakukuwa na kitu. Maji, ukungu na ile mistari ya mpunga. Nikakuuliza wapi, ukanionyesha, na kidole chako kilikuwa kinaelekea hasa dunguni, wala hakikutetereka. Ukapiga makofi kama ile jioni ya kwanza. Nikasema macho ya watoto. Nikakufunga kanga vizuri tukaenda nyumbani, na usiku kucha ulikuwa mchangamfu mno.

Asubuhi nilimfuata Fidelis mwenyewe. Akanivusha kwa mtumbwi. Tulipofika hakukuwa na ndege aliyefukuzwa, walikuwa wamejaa kwenye mpunga wanakula, wala hawakuruka tulipopita katikati yao. Baba yako alikuwa amelala juu ya dungu na shuka mpaka kidevuni, mtungi wa maji ukiwa mtupu pembeni. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje ya shuka kuelekea kwenye nguzo yenye swichi. Haukufika.

Nilipanda ngazi ya dungu, nikafanya jambo la kifundi, kwa sababu sikujua la kufanya la kike wala la kibinadamu. Nikabonyeza swichi. Zikawaka zote. Hakukuwa na iliyoungua hata moja, mwanangu. Taa yangu mbovu ilikuwa nzima safari hiyo. Giza lile lilikuwa linanieleza ukweli tangu ile jioni taa haikuwaka, nami nilikuwa nimeshajifundisha kutolisikiliza.

Fidelis aliniambia homa ile ingemchukua tu, hata tungewahi. Alisema kwa huruma. Sikumwuliza tena, na naomba wewe pia usimwulize mtu.

Lililobaki ndilo sijamwambia hata padri. Tulimteremsha, tukamlaza mtumbwini, mimi nikakaa mbele nimeipakata taa, nimeizima, waya zimeng'olewa kwenye betri. Kazi ya kumteremsha ilituchukua mchana wote, ikawa magharibi tukiwa katikati ya maji. Fidelis alikuwa anasukuma mtumbwi kwa pondo akiwa amesimama nyuma, uso wake unaelekea nyumbani. Mimi niligeuka kuliangalia dungu mara ya mwisho. Palikuwa panawaka.

Nikaishika ile taa iliyo mapajani, ya baridi kabisa. Nikaangalia tena ng'ambo. Panawaka. Nikamwambia Fidelis ageuke aone, naye hakugeuka. Akasema, "Mama Gau, tazama mbele. Nimeiona tangu jana." Akaendelea kusukuma.

Nimekuwa fundi miaka mingi, na jambo lisilo na maelezo linanikera kama kokoto kwenye mchele. Nimejiuliza kama ni mbalamwezi kwenye maji, kama ni gesi ya tope, kama ni macho yangu yaliyolia. Dungu lenyewe lilishaanguka, masika iliyofuata haukuwepo hata mti mmoja. Lakini jioni za masika nikisimama pale kwenye tuta, ile taa ipo. Masanja, yule Msukuma mfugaji aliyetuuzia ng'ombe wa kipaimara chako, aliwahi kuniuliza kiangazi ni nani alikuwa anakaa pale lilipokuwa dungu, kwa sababu ng'ombe wake wanakataa kulala. Wanakula vizuri mchana, alisema, jioni ikifika wote wanasimama wameangalia upande mmoja. Nikamwambia sijui.

Mwanga wenyewe ndio unaonisumbua zaidi. Si ule mkali niliomtengenezea. Ni wa wastani, una njano kidogo, umetulia, hautetemi hata upepo ukivuma. Ni mwanga wa taa iliyowekewa rezista. Nimeuangalia mara nyingi kwa jicho la kazi, na nakuambia kama fundi, ule hautaungua.

Ndiyo maana tukahamia Kibaoni. Na ndiyo maana dukani kwangu hakuna taa inayotoka bila rezista, hata mteja alie. Unajua wanavyonisema, nenda kwa Mama Gau ukanunue giza. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia taa zangu zina usingizi. Waache waseme, wewe pia niliwahi kukuacha useme. Watu wananunua mwanga wa jioni ya kwanza, na mimi nauza ule wa mwaka wa tatu. Sikuwahi kukwambia kwa nini, nikakuacha udhani mama yako ni mchoyo wa mwanga.

Kwa hiyo uliposema hesabu inakubali, nilisikia sauti yangu mwenyewe. Na ulipoinua upanga bondeni ukasema kuna mtu anatujibu, nilijua kwamba bado unaiona, kama ulivyoiona ukiwa mgongoni. Niliogopa, Gau. Niliogopa kukupeleka mbali ukiwa na taa ambayo ikizimika sitajua imesema nini. Sikuogopa upanga, na wala siogopi wewe kwenda. Siku barua ya chuo ilipokuja nilifunga duka mapema nikaenda kukaa mtoni peke yangu nikicheka.

Sasa nikueleze nilichofanya usiku huu, usije ukafungua mpini Mbeya ukashangaa. Hesabu yako ya tatu nukta saba ni ya betri iliyochoka. Ikitoka kwenye chaji inafika nne na zaidi. Tena umeziunga zote bega kwa bega kwenye waya uleule, na taa hazifanani hata zikitoka pakiti moja. Ipo moja inayokunywa zaidi ya wenzake. Hiyo itapata joto kwanza, itakufa kwanza, na mzigo wake watabebeshwa waliobaki, mpaka mstari mzima ulale. Nilifikiria kuweka rezista moja kubwa mpinini kwa ajili ya zote, ni rahisi na ningekuwa nimeshalala. Lakini haimsaidii yule mmoja. Nimekata mstari wako wote, nikaweka kila taa na rezista yake, zile zenye mistari ya kijani, bluu na nyeusi, yaani omu hamsini na sita. Vidole vimeungua kidogo kwa risasi ya moto ya kuungia waya, si kitu. Utauona umepungua ukali. Ukae nao gizani kidogo kabla hujakasirika.

Taa moja ilikuwa imeshaungua, ile ya nchani kabisa. Nilisema nitafute nyingine kwenye kopo, halafu mkono ukaenda kwenye sanduku la nguo, chini, ilipokaa taa ya baba yako miaka yote hii. Nikang'oa moja. Ilikuwa nzima, si nilikwambia zilikuwa nzima zote. Sasa iko nchani kwenye upanga wako, na kwa mara ya kwanza ina rezista yake.

Nikuambie kitu kimoja ili usije ukashtuka ukiwa peke yako. Nilipomaliza niliuwasha, ukawaka vizuri kutoka mpinini hadi nchani. Nikauzima. Zote zikazimika isipokuwa hiyo ya nchani, ilibaki na mwanga kidogo, wa njano, umetulia. Nimechomoa betri. Nimepima kwa mita, inasema sifuri. Nimekaa naiangalia ninapoandika, na bado ipo. Nilishika koleo niiondoe, nikalirudisha chini. Ukiogopa, iondoe, sitakulaumu. Mimi sikuweza.

Ninachokuomba ni kimoja. Huko Mbeya, kila magharibi, washa upanga dirishani, hata kama wenzako watakucheka, halafu unibipu. Usiongee, vocha itunze. Mlio mmoja tu nijue umewasha. Najua utasahau, au simu itaisha chaji, au mtandao utasumbua, au utakuwa umekwenda kula chipsi na wenzako. Mtu mwenye akili atasema ni hayo. Mimi niliwahi kuwa mtu mwenye akili.

Nauli nimeishonea kwenye kanga ile ya maua. Nimeweka rezista zote, nimezijaribu moja moja, kwa hiyo siku usiponibipu sitasema imeungua. Sitalala. Nitapanda treni ya kwanza nije kukugongea mlango, nawe utanifungua na macho ya usingizi, utaona aibu mbele ya wenzako, na utakuwa mzima.

Mimi mama yako wa Kibaoni, ninayesimama kwenye tuta,

Editha